Nendeni kabla ya sikukuu yenyewe

Naunga mkono kabisa hoja ya kusafiri kabla ya Krismasi. Nilimtembelea rafiki yangu anayeishi Köln, Ujerumani, mwanzoni mwa Desemba, na bila yeye ningepiga picha za minara tu nikarudi zangu. Kanisa kuu la pale lilianza kujengwa mwaka 1248, likakamilika 1880, na minara yake inafika mita 157. Yeye ndiye aliyenipeleka ndani hadi kwenye sanduku la dhahabu lililo nyuma ya altare kuu, linaloaminiwa kuhifadhi masalia ya Mamajusi. Habari zao nazisikia kanisani tangu utotoni, kila Januari. Kusimama mbele ya sanduku lile kulinigusa mno.

Nje, ubavuni mwa kanisa, kuna soko la Krismasi. Wanauza mvinyo wa moto uliotiwa mdalasini na karafuu. Unaacha amana ya kikombe, ukikirudisha unarudishiwa pesa yako. Kishike kwa mikono miwili, maana jua huzama saa kumi na nusu jioni na baridi ya huko haina mzaha.

Sasa, soko lile hufungwa kabla ya Krismasi, na tarehe 25 na 26 karibu maduka yote yamefungwa. Ukienda siku hizo bila mwenyeji utaukuta mji umelala. Mnaopanga kwenda, viza ya Schengen inaruhusiwa kuombwa hadi miezi 6 kabla ya safari. Tafadhalini, msingoje Novemba.