Ng'ombe wa Maziwa katika Mafuriko ya Kano: Msaada au Fidia?

Mto Nyando unapovunja kingo zake na kufurika katika Uwanda wa Kano, jambo la kwanza kuhesabiwa ni kaya. Machifu huandika majina, waathiriwa husitiriwa shuleni, na punde si punde unga, maharagwe na mablanketi huwasili. Utaratibu huo haustahili kubezwa. Hata hivyo, msaada huo humtazama mwathiriwa kama mlaji tu. Ng'ombe wake wa maziwa, aliyekuwa akimlisha na kuwasomesha wanawe, hana nafasi katika hesabu hiyo.

Ng'ombe wa gredi anayefugwa zizini huko Ahero au Nyakach hutegemea mabingobingo, na mabingobingo hayastahimili maji yaliyotuama. Akisimama topeni kwa majuma, kwato huoza, kiwele huvimba na maziwa hukatika. Akifa, hasara haiishi siku hiyo. Mtamba hukaribia miaka mitatu kabla ya kuzaa na kuanza kukamuliwa. Muda huo wote karo itatoka wapi? Gunia la unga halijibu swali hilo.

Haiwezi kudaiwa kwamba Kenya haijui kumlipa mfugaji. Mwaka wa 2015 serikali ilianzisha mpango wa bima ya mifugo, ukaanzia Turkana na Wajir. Setilaiti zilipima ukijani wa malisho. Yaliponyauka kupita kiwango kilichowekwa, mfugaji alilipwa bila kutakiwa kuonyesha mzoga. Februari 2017, kaya zaidi ya 12,000 ziligawiwa zaidi ya shilingi milioni 200. Ni jambo la kupigiwa mfano, ila kipimo chake ni cha ukame. Kikiletwa Kano kitamdhihaki mfugaji, maana maji yakishapungua uwanda huota magugu na kuwa kijani kibichi, nayo setilaiti ingeona neema pale palipo na msiba. Kandokando ya ziwa kinahitajika kipimo cha maji yenyewe. Mnamo Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipanda hadi kiwango cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimerekodiwa hadi wakati huo, na ilijulikana kwa sababu kina chake hupimwa. Kina hicho, pamoja na kile cha Nyando, chaweza kufungamanishwa na malipo.

Wapo watakaosema kwamba kila mtu atadai ng'ombe watano waliochukuliwa na maji. Hofu hiyo si bure. Lakini ng'ombe wa maziwa ni mgumu kuzuliwa kuliko mbuzi au kuku: anayeuza maziwa kupitia chama cha ushirika huwa na daftari, na ng'ombe aliyehimilishwa huwa na kadi. Isitoshe, mwaka wa 2023 machifu haohao waliwasajili wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku.

Katiba ya 2010 imeukabidhi usimamizi wa maafa kwa serikali kuu na kwa kaunti pia, na kila upande hupata wa kumnyoshea kidole. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 nayo inaziruhusu kaunti kuunda mfuko wa dharura. Wanaisimu wana neno hapa. "Msaada" hutolewa kwa hisani, na aliyepewa hushukuru. "Fidia" ni haki, na aliyenyimwa huuliza sababu. Viongozi wanaozuru kambi za mafuriko hulipenda neno la kwanza. Kanuni za mfuko wa Kisumu zilitaje la pili, zikimtaja na ng'ombe kwa jina lake, kabla ya masika yajayo.