MAARIFA YA NYUMBANI: Paka Mwenye Mafua na Macho Yenye Usaha

Juma hili tuyaache mambo ya jikoni na ya cherehani, tumwangalie mkaaji mmoja wa nyumba ambaye aghalabu hukumbukwa tu panya wanapozidi ghalani. Paka naye huugua, na mojawapo ya magonjwa yampatayo mara nyingi ni mafua yaambatanayo na macho kutoa usaha.

Nyumbani kwangu Buyenzi, hapa Bujumbura, palikuwa na paka wa miezi mitatu, kipenzi cha binti yangu. Siku moja alianza kupiga chafya. Kesho yake macho yalikuwa yamefumbwa na tongo, pua imezibwa na kamasi, akakataa hata dagaa. Kwa huruma isiyo na elimu nilivunja nusu ya kidonge cha parasetamoli, kile tumezacho wenyewe tunapopatwa na homa, nikamnywesha. Ilipofika jioni, ufizi wake ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia, uso umevimba, anahema kwa taabu. Hakuiona asubuhi. Binti yangu aliponiuliza kama ni mafua yaliyomwua, ilinibidi nimwambie kweli.

Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama liwezavyo ini la binadamu. Hugeuka sumu, nayo damu hushindwa kuchukua hewa mwilini. Nusu ya kidonge cha miligramu 500 yatosha kumwua. Kwa hiyo sharti la kwanza ni hili: paka asipewe kamwe dawa ya binadamu ya homa au maumivu.

UGONJWA WENYEWE

Mara nyingi chanzo ni virusi vya aina mbili. Virusi vya herpesi ya paka hushambulia zaidi pua na macho. Virusi vya kalisi huleta pia vidonda ulimini na kinywani. Bakteria hufuata nyuma, ndipo kamasi lililokuwa jepesi huwa zito na la manjano. Virusi hivyo viwili havimwambukizi mwanadamu, lakini baadhi ya bakteria wa macho huweza kumpata, ijapokuwa kwa nadra. Basi mwuguzaji anawe mikono kwa sabuni kila amalizapo.

MATUNZO

Kwanza, macho na pua. Chemsha nusu lita ya maji, utie kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisijae kupita kiasi, uache yapoe hadi yawe vuguvugu. Chovya pamba safi, upanguse kutoka pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwenda nje. Kila jicho liwe na pamba yake. Tongo iliyokauka isibanduliwe kwa ukucha. Ilainishwe kwanza kwa pamba yenye maji. Fanya hivyo mara 3 au 4 kwa siku, na maji yatengenezwe mapya kila siku.

Pili, mvuke. Mweke paka katika chumba kidogo kilichofungwa, penye beseni la maji ya moto asiloweza kulifikia, kwa muda wa dakika 10 hivi, nawe ukiwapo. Usitie kitu chochote majini.

Tatu, chakula. Paka huchagua chakula kwa pua. Ikiziba, hata samaki mzuri hamvutii. Chemsha dagaa, wale tuwaitao ndagala, bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu nacho ni sumu kwake. Wasage, uwape joto kidogo ili harufu itoke, umwekee mbele kidogo kidogo. Maji safi yawe karibu. Usimshindilie kwa nguvu, asije akapaliwa.

Nne, malazi. Sanduku la katoni lenye kitambaa, mbali na upepo na moshi wa mkaa, lamtosha. Atengwe na paka wengine, na sahani yake iwe peke yake. Virusi vya kalisi huweza kukaa juu ya vyombo kwa majuma kadhaa.

MAMBO YA KUEPUKWA

Usimpake dawa ya kuchua yenye kafuri au mafuta ya mkaratusi, maana atailamba imdhuru. Usimtie machoni utomvu wa majani, maziwa, wala masalio ya dawa ya macho ya mtu mwingine. Baadhi ya dawa hizo zina kotizoni, ambayo huweza kukizidisha kidonda kilichoanza katika jicho.

WAKATI WA KWENDA KWA DAKTARI WA MIFUGO

Usingoje ikiwa paka anahema kinywa wazi, jicho limefanya ukungu au halifunguki, au hajala kwa siku nzima. Mtoto wa paka apelekwe mapema zaidi, na yule ambaye hajafumbua macho bado, lakini kope zimevimba, apelekwe siku ile ile. Daktari huweza kutoa dawa ya kuua bakteria. Dawa hiyo haiui virusi, lakini huzuia madhara yafuatayo.

Tahadhari moja zaidi: paka atokwaye na mate huenda ana vidonda tu kinywani, lakini ikiwa tabia yake imebadilika na anauma ovyo, asiguswe, kwani yawezekana ni kichaa cha mbwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja.

Paka wengi hupona katika majuma 1 hadi 3. Herpesi hubaki imejificha mwilini maisha yote, nayo huweza kurudi paka anapohamishwa au kusumbuliwa. Chanjo ipo, huanza katika juma la 8 hivi, hurudiwa, na hupunguza ukali wa ugonjwa.

Sasa tunaye paka mwingine. Naye aliugua mafua, na safari hii binti yangu ndiye aliyempangusa macho kwa maji ya chumvi, asubuhi, mchana na jioni. Siku ya tisa alikula mwenyewe. Jicho la kushoto bado hutoa machozi asubuhi za mvua, lakini panya wa ghalani wanamjua.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kuhifadhi maharage yasiingiwe na wadudu.