Chaneli ya Bure Isiyoonekana, Ni Bure kwa Nani?



Mwaka 2018 nilikuwa dukani kwa mjomba wangu hapa Mnazi Mmoja, upande wa kuelekea Kariakoo. Mjomba anauza madishi na ving'amuzi, na mimi nikitoka chuo huwa namsaidia kufunga hesabu za siku. Akaingia mama mmoja mtu mzima, kakumbatia king'amuzi alichokifunga kwenye kanga. Kwao ni kijijini, wilaya ya Nachingwea. Amekuja mjini kumuuguza binti yake, akaona apitie aulize.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiki kitu kinaumwa. Kinawaka vizuri, mpira naona, tamthilia naona, ila taarifa ya habari ya kwetu siioni. Tangu mwezi wa nane."

Nikakichomeka. Kizima kabisa. Hata kifurushi kimelipiwa, mwanawe ndiye anamlipia. Nikamweleza kwamba hakiumwi, ni chaneli za nyumbani ndizo zimeondolewa kwenye ving'amuzi vya dishi kama chake. Akauliza: "Zimeondolewa, halafu sisi wa kule tutazame wapi?"

Sikuwa na jibu. Akanisimulia habari ya korosho. Mnakumbuka Oktoba 2018 wakulima wa kusini walivyogomea minada kwa sababu bei ilikuwa ya kutupa. Katikati ya Novemba Rais akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzibeba. Sisi wa mjini tulijua siku ile ile. Mama yule alikuja kujua baadaye, akiwa ameshauza magunia mawili kwa mtu wa kangomba kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Najua kangomba hairuhusiwi. Lakini mtu mwenye njaa na asiye na habari anauza kwa yeyote atakayekuja na hela.

Mtu ataniambia redio si ipo? Nilimuuliza pia. Akacheka: "Mwanangu, redio ingekuwa inashika kule bondeni ningenunua dishi la nini?"

Sasa tuzungumze sheria, maana ndiyo ninayoisomea.

Mwezi Agosti 2018 TCRA iliwataka wenye ving'amuzi vya satelaiti vya kulipia, yaani DStv, Azam na Zuku, waache kubeba chaneli za ndani za kutazamwa bure, zikiwemo ITV, EATV, Channel Ten na Star TV. Hoja yao ilikuwa kwamba leseni za kampuni hizo ni za maudhui ya kulipia. Chaneli ya bure inatakiwa ionekane bure. Ukiiweka ndani ya kifurushi, siku hela ya mwananchi ikiisha na chaneli inakata, na hapo umemuuzia kitu ambacho ni haki yake kukipata bila malipo.

Nitasema ukweli hata kama wengine hamtaupenda: nusu ya hoja hiyo ni sahihi. Vyuma vimekaza, na kumkatia mtu taarifa ya habari kwa sababu kakosa hela ya kifurushi ni dhuluma. Hilo hatubishani na serikali.

Tunabishana kuhusu dawa waliyochagua. Mgonjwa anaumwa kidole, wao wamekata mkono. Kama kosa ni kwamba chaneli inakatika kifurushi kikiisha, amri ya haki ingesema hivi: bebeni chaneli hizi, na mziache wazi hata mteja asipolipa. Wenye ving'amuzi vya antena wanatakiwa kufanya hivyo hivyo, kuziacha chaneli za bure wazi malipo yakiisha. Kwa nini wa dishi waliambiwa waziondoe kabisa? Yaani kumlinda mwananchi asilipie habari, umemnyima habari hata yule ambaye yuko tayari kulipa!

Na hapa ndipo mjini na kijijini tunapoachana. Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa usiku wa Desemba 31, 2012, na tangu hapo tunatazama kwa minara ya dijitali. Mimi nikiwa hapa Mnazi Mmoja nilipokosa ITV kwenye dishi, niliweza kununua king'amuzi cha pili na antena, mchezo ukaisha. Tena niwe mkweli, dukani kwetu Agosti ile biashara ilinoga sana. Watu walipanga foleni kununua king'amuzi cha pili. Mjomba aliifurahia amri ile kuliko waziri aliyeipigia makofi, na hapa naandika kinyume cha ugali wa nyumbani.

Lakini mama wa Nachingwea hata akinunua ving'amuzi vitano vya antena, kijijini kwake mnara haufiki. Satelaiti haijali bonde wala mlima, inamwagia mawimbi nchi nzima sawasawa, kuanzia Mnazi Mmoja mpaka mwisho wa barabara ya vumbi. Ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo, nayo ndiyo iliyofungwa. Chaneli yake ilikuwa ya bure kwenye karatasi, ila kwake haikuonekana. Hivi, ilikuwa bure kwa nani?

Wenzetu walishapita huku. India mwaka 2004 shirika la utangazaji la umma lilianzisha huduma ya dishi isiyo na malipo ya mwezi. Unanunua dishi na king'amuzi mara moja, chaneli za nyumbani zinakuja zenyewe, hata kule ambako mnara hauwezi kujengwa. Kenya mwaka 2014 vituo vikubwa vya televisheni vilifika Mahakama ya Juu, pamoja na mambo mengine vikilalamika kwamba StarTimes na GOtv wanabeba chaneli zao za bure bila ridhaa. Mahakama ilikataa hoja hiyo. Sharti la kubeba chaneli za bure liliachwa lisimame, kwa sababu linamsaidia mtazamaji kuzifikia. Kenya sheria inasukuma chaneli ziende mbali zaidi. Kwetu mwaka 2018 ilizirudisha nyuma.

Makamanda, naomba sasa mtazame jambo hili pamoja na ndugu zake. Januari 2016 tuliambiwa TBC haitarusha tena Bunge moja kwa moja, eti gharama. Katikati ya mwaka ule ule mikutano ya hadhara ya vyama ikapigwa marufuku, isipokuwa mbunge anaweza kuongea na watu wa jimbo lake. Januari 2018 vituo vitano, ITV, EATV, Channel Ten, Star TV na Azam, vikapigwa faini ya jumla ya shilingi milioni 60 kwa kurusha taarifa ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kuhusu uchaguzi mdogo wa madiwani wa Novemba 2017. Agosti, vinne kati ya hivyo vitano vikaondolewa kwenye ving'amuzi vya dishi vya kulipia.

Sisemi ni njama. Sina ushahidi, na mwanasheria asiye na ushahidi anyamaze. Nachosema ni kwamba matokeo ya hatua zote hizi yalikuwa yale yale. Hakuna aliyezibwa mdomo moja kwa moja. Mbunge aliongea, ila jimboni kwake tu. Bunge lilikaa, ila hukusikia lilipokaa. Chaneli ilirusha matangazo, ila mwisho wake ulikuwa pale mnara unapoishia. Uliruhusiwa kusema, wao wakaamua nani akusikie. Na aliyeachwa nje kila mara alikuwa yule aliye mbali, yule yule anayeitwa mnyonge kwenye hotuba.

Uwanja huu wa Mnazi Mmoja wenyewe ni shahidi. Mkoloni aliuacha wazi ili Kariakoo ya Waafrika itengane na Uhindini, kila mtu akae upande wake. TANU wakaja kuugeuza mahali pa kukusanya watu kutoka kila upande. Na mjomba husimulia kwamba enzi Bara hakuna televisheni, maana Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 na sisi tukasubiri hadi 1994, kuna waliofunga antena kwenye milingoti mirefu juu ya mapaa ya Kariakoo ili wanase picha ya Zanzibar kutoka ng'ambo ya bahari. Picha ilikuwa na chengachenga, lakini watu waliitafuta. Mtu kutaka kujua yanayotokea nje ya mtaa wake si kosa. Ni akili timamu.

Katiba yetu inalijua hilo. Ibara ya 18 haikuishia kwenye uhuru wa kusema. Inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari, na haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake. Bei ya zao lako si jambo muhimu? Watasema ibara ya 30 inaruhusu haki kuwekewa mipaka. Ni kweli. Lakini Mahakama ya Rufani katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun ya mwaka 1993 ilishatoa kipimo: sheria inayobana haki isiwe ya kiholela, na isibane kuliko inavyohitajika kufikia lengo. Lengo hapa ni mwananchi asilipie chaneli ya bure. Kuiacha wazi kunafikia lengo. Kuiondoa kunabana zaidi na lengo lenyewe halifikiwi. Nikiambiwa nijibu swali hili kwenye mtihani, nusu ukurasa unanitosha.

Kwa hiyo tulidai mambo matatu. Kwanza, kanuni zibadilishwe ili kila king'amuzi cha satelaiti kibebe chaneli za kitaifa za bure, na ziendelee kuonekana kifurushi kikiisha. Pili, TCRA ichapishe kata kwa kata mahali minara ya dijitali inapofika na isipofika, tuone kwa macho nani kaachwa gizani. Tatu, pale pasipofika, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote utumike kugharamia chaneli hizo angani. Mfuko ule uliundwa kwa ajili ya watu kama mama huyu.

Na sisi vijana tusiishie kulaumu kwenye simu. Desemba wengi mnakwenda vijijini kwenu kwa sikukuu. Ukifika, waulize bibi na babu wanaona chaneli zipi, kwa king'amuzi cha aina gani, na tangu lini hawaoni. Andika kijiji na kata, leta kwa katibu wa vijana wa wilaya. Wabunge wetu waingie kikao cha Januari na majina ya vijiji mkononi, waziri ajibu kwa kijiji. Na wakikataa, ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda Katiba. Hapo tutahitaji mashahidi, na mashahidi wako huko mnakokwenda.

Mama yule alikifunga king'amuzi chake kwenye kanga, akaaga. Mjomba alitaka kumuuzia cha antena, nikamkatalia mbele yake. Bado hajaniongelesha vizuri mpaka leo.

Mapambano yanaendelea.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria na mwanachama wa tawi la vijana, Mnazi Mmoja.