Jando Si Tohara Tupu

Katika vitongoji vya nje ya Dar es Salaam, toka Bunju na Mbweni upande wa Kinondoni mpaka Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, neno jando limebaki vinywani ilhali jambo lenyewe linatoweka. Mtoto wa kiume hupelekwa hospitali asubuhi, akatahiriwa, na kabla ya jua kuchwa huwa amerudi kwao. Jamaa hupika pilau, majirani huja kutoa pongezi, na watu husema kwamba mtoto ametiwa jandoni. Hapana kumbi, hapana manyakanga, hapana wimbo wala fumbo. Kilichotendeka ni tohara, na tohara ni jambo jema kwa wanaoiamini. Lakini kuiita jando ni kuuita mlango nyumba.

Kosa hili la jina lingekuwa dogo kama lisingezaa makosa makubwa ya fikira. Juu yake yamejengwa madai matatu ambayo husikika barazani na hata katika vyumba vya masomo. Dai la kwanza ni kwamba kutahiri kuliletwa pwani na Waarabu, na kwamba jando la Wazaramo na jirani zao ni tohara ya Kiislamu iliyoharibiwa na ushenzi. Dai la pili ni kwamba asiyetahiriwa si mtu kamili, na kwa hiyo wageni waliokuja mjini kutoka Usukuma au Buhaya wastahili dhihaka. Dai la tatu ni la watu wa kisasa: kwamba faida ya jambo zima ni afya, na maadam hospitali inaitimiza afya, yote mengine yaweza kutupwa. Madai haya hayapatani yenyewe kwa yenyewe, lakini yana kosa moja la asili: yote huona kisu, hayaoni shule.

Na lianze dai la kwanza. Ni kweli kwamba Uislamu umeitia nguvu tohara katika mwambao huu. Watu wa pwani ni wa madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu hayo kutahiri ni wajibu, ilhali wanazuoni wengi wa Hanafi na wa Maliki huihesabu kuwa suna. Ni kweli pia kwamba maneno tohara, tahiri na hitani yametoka katika Kiarabu. Lakini msemaji wa dai hili huishia hapo, na hapo ndipo uchunguzi ulipopaswa kuanza. Neno mwali si la Kiarabu. Ni la Kibantu, nalo hupatikana kwa Wayao, kwa Wamakonde, na kwa Wachewa ambao humwita msichana aliye katika mafundisho namwali. Lugha ya pwani iliazima jina la usafi, lakini jina la mwanafunzi wa kumbini ilikuwa nalo tangu zamani.

Ramani ya desturi nayo hutoa ushahidi ulio mzito kuliko kamusi. Kama kutahiri kungaliletwa na Waarabu, ingalipasa kufuata njia za Waarabu. Katika karne ya 19 misafara ya pembe ilitoka Bagamoyo ikapita Tabora mpaka Ujiji, na wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi. Hapana kabila la bara lililochanganyika na wafanyabiashara wa pwani kuliko wao. Walakini Wanyamwezi na ndugu zao Wasukuma hawakuifanya tohara kuwa mila yao, isipokuwa wale waliosilimu. Kwa upande mwingine, Wakurya wa Mara, Wagusii na Wakikuyu wa Kenya, na Wagisu wa mlima Elgon walikuwa na kutahiri kulikoshika mizizi katika kila ukoo, na huko Uislamu ulikuwa haujajenga msikiti. Penye Waarabu wengi desturi haikuota. Pasipo na Waarabu ilikuwa imekwisha kuwa mti mkubwa.

Buganda hutoa ushahidi wa tatu. Wafanyabiashara Waislamu walifika katika ikulu ya Kabaka tangu miaka ya 1840, na Kabaka Mutesa mwenyewe aliusoma Uislamu na kufunga Ramadhani. Lakini hakukubali kutahiriwa, kwa kuwa mila ya Waganda ilikataza damu ya Kabaka kumwagwa. Vijana wa ikulu waliosilimu walipokataa kula nyama iliyochinjwa kwa amri ya mtu asiyetahiriwa, wengi wao waliuawa, karibu na mwaka wa 1876. Hivyo ndivyo tohara ionekanavyo inapokuwa ngeni kweli kweli katika nchi: huleta mgongano, huhitaji mashahidi, na hukumbukwa kwa tarehe. Uzaramo hauna kumbukumbu ya mgongano wa namna hiyo. Uislamu ulipoenea huko uliibariki desturi ya kutahiri.

Wako wanaoliacha dai la Waarabu wakashika la Mayahudi au la Wamisri. Hawa nao hawafiki mbali. Katika kaburi la Ankhmahor huko Saqqara imo picha iliyochongwa ukutani zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, nayo hudhaniwa na wataalamu wengi kuwa ni ya kutahiri. Kitabu cha Mwanzo husimulia kwamba Ibrahimu alitahiriwa akiwa na miaka 99 na Ishmaeli akiwa na miaka 13. Herodotus wa Uyunani, aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alisema kwamba Wafoinike na Washami wa Palestina waliipokea desturi hii kwa Wamisri. Lakini alipofika kwa Wamisri na Wahabeshi alikiri kwamba hakuweza kujua nani alijifunza kwa nani. Muungwana huyo aliacha swali wazi miaka 2,400 iliyopita, na baadhi ya watu wa leo hulifunga kwa neno moja barazani. Tena, wenyeji wa Australia walitahiri vijana wao mbali na Misri na mbali na Makka. Basi desturi hii si mto wenye chemchemi moja. Ni mvua iliyonyesha mahali pengi.

Dini nazo hazikuitumia kwa maana moja. Kwa Mayahudi ni alama ya agano, na mtoto hutahiriwa siku ya nane. Kurani haikuitaja, hukumu yake imetoka katika hadithi za Mtume, zinazoihesabu katika mambo ya maumbile safi pamoja na kukata kucha na kupunguza sharubu. Wakristo wa kwanza walikutana Yerusalemu karibu na mwaka wa 50 wakaamua kwamba watu wa mataifa wasilazimishwe kutahiriwa. Hata hivyo Kanisa la Uhabeshi limedumu na tohara mpaka leo. Ikiwa vitabu na mabaraza ya dini yametofautiana hivi, ni jeuri gani kwa mtu wa mtaani kujifanya mlinzi wa mlango wa utu kwa sababu ya ngozi?

Hapo ndipo dai la pili linapoingia, nalo ndilo lenye madhara zaidi, kwa kuwa huumiza watu walio hai. Manzese, Tandika na Mbagala ni mitaa ya watu wa makabila yote. Humo kijana aliyetoka katika ukoo usiotahiri aghalabu hukutana na neno msungo, likitupwa kama jiwe. Watupao jiwe hilo hawajui wamelishika upande gani. Msungo, katika lugha ya jando na unyago, ni mtu asiyepata mafundisho. Neno hilo huitwa mvulana, na huitwa msichana pia. Na msichana wa Kizaramo hakatwi kitu unyagoni. Yeye huwekwa ndani, hufundishwa, huchezwa ngoma, kisha hutolewa. Kama msungo maana yake ingekuwa asiyekatwa, wasichana wote wa Uzaramo wangekufa wasungo. Basi aibu ya neno haikuwa juu ya mwili. Ilikuwa juu ya ujinga wa adabu. Kwa kipimo hicho cha wazee wenyewe, kijana aliyetahiriwa hospitali akarudi nyumbani bila neno moja la mafundisho, kisha akasimama njiani kumtukana mgeni, ni msungo kuliko huyo amtukanaye.

Dai la tatu lina elimu, na kwa hiyo lastahili jibu la adabu. Ni kweli kwamba uchunguzi uliofanywa Orange Farm katika Afrika ya Kusini, Kisumu katika Kenya na Rakai katika Uganda, ambao majibu yake yalitangazwa kati ya 2005 na 2007, ulionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke kwa kadiri ya asilimia 60. Shirika la Afya Duniani liliishauri mwaka wa 2007, na serikali ya Tanzania ikaipeleka huduma hiyo katika mikoa isiyotahiri sana kama Iringa, Kagera, Shinyanga na Tabora. Hapana mwenye busara atakayeyapinga haya. Lakini kupunguza hatari si kuiondoa, na asilimia zinazobaki hazikatwi kwa kisu. Hukatwa kwa mwenendo: kwa kijana kujua mwili wake, kujua heshima ya mwanamke, kujua maana ya subira. Masomo hayo ndiyo yaliyokuwa ya kumbi. Mganga amechukua kazi ya ngariba na kuifanya vizuri kuliko ngariba. Kazi ya manyakanga hajaichukua mtu.

Wala isidhaniwe kwamba kazi hiyo ya pili ilikuwa ndogo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani ya Bagamoyo, aliziandika habari za jando katika desturi za Waswahili zilizochapishwa na Carl Velten mwaka wa 1903. Hans Cory alichapisha uchunguzi wake juu ya jando mwaka wa 1947 na 1948, na mwaka wa 1956 akatoa kitabu juu ya vinyago vya udongo vilivyotumiwa kuwafundishia wali. Marja-Liisa Swantz, aliyekaa Bunju katika miaka ya 1960, alitoa mwaka wa 1970 kitabu kizima juu ya mila na alama za Wazaramo. Watu hawa hawakusafiri na kukesha kwa ajili ya kidonda cha siku chache. Walikuta elimu iliyopangwa, yenye walimu, nyimbo, mafumbo na mitihani.

Mtetezi wa jando hana ruhusa ya kuficha kasoro zake. Kisu kimoja kilipita kwa watoto wengi, vidonda vilioza, vijana walipigwa kwa jina la ujasiri, na baadhi ya nyimbo zilimfundisha mvulana kiburi juu ya dada yake. Hayo na yafe. Wala mtu asilitumie jina la mila kutetea ukeketaji wa watoto wa kike, ambao sheria ya Tanzania iliukataza mwaka wa 1998 na ambao haukuwa desturi ya unyago wa Wazaramo. Lakini kuosha chombo si kukivunja. Huko Masasi, Vincent Lucas, aliyekuwa askofu tangu 1926 hadi 1944, aliona kwamba kulipiga jando marufuku kungewaacha Wakristo wake bila utu mbele ya jirani zao. Akaliingiza katika Kanisa, sala zikashika mahali pa matambiko na mafundisho yakabaki. Alilolitenda mgeni kwa Wamakua na Wayao, wenyeji wa Temeke na Kinondoni hawawezi kusema kwamba halitendeki.

Na litendeke, basi. Kisu na kikae hospitali, penye dawa na mikono safi. Baada ya kisu mtoto arudishwe kwa walimu: wazee wa mtaa, madrasa, kanisa na shule, kila mmoja kwa sehemu yake, na likizo ya Desemba yatosha kuwa kumbi. Kijana wa ukoo usiotahiri akae mkeka mmoja na wenziwe, kwa kuwa somo la adabu halina sharti la ngozi. Mji ukikataa kufanya hivi, utakuwa na wanaume waliotahiriwa kwa maelfu na waliofundwa kwa uchache. Na kwa lugha ya wazee waliouanzisha, mji huo utaitwa kwa jina lake: mji wa wasungo.