Mwajiri asilipie nusu ya jino

Gego lililooza hadi kwenye neva halina njia nyingi: ama ling'olewe, ama litibiwe mzizi. Akichagua kulitibu, daktari hulitoboa, huondoa neva iliyoathirika, husafisha mifereji ya mizizi na kuijaza. Maumivu huisha, mgonjwa hurudi kazini, na faili hufungwa. Kosa liko katika kulifunga faili hapo. Kutibu mzizi na kulikinga jino lenyewe ni tiba moja. Kolwezi, mji wa migodi nchini Kongo (DRC), na mkoa mzima wa Lualaba, ambako watu wengi hutibiwa kwa gharama ya mwajiri, tiba hiyo ingepaswa kuidhinishwa na kulipwa kwa pamoja tangu siku ya kwanza.

Wengi wanaamini kwamba jino lisilo na neva hukauka na kuwa jepesi kuvunjika. Utafiti hauungi mkono imani hiyo. Mwaka 1992 Sedgley na Messer walilinganisha jozi 23 za meno, kila jino lililotibiwa mzizi na mwenzake mzima wa upande wa pili wa kinywa, wakakuta tofauti ndogo mno. Miaka mitatu kabla yake, Reeh na wenzake walipima ugumu wa jino hatua kwa hatua. Tundu la kuingilia kwenye mizizi lilipunguza asilimia 5 tu, lakini kuondoa kingo zote mbili zinazogusana na meno ya jirani kulipunguza asilimia 63. Kinacholidhoofisha jino basi ni uozo na ukubwa wa shimo lililochimbwa, wala si kukosa neva. Kolwezi hakuna asiyejua kwamba ukichimba chini unaacha nguzo, na gego lililopoteza kingo zake limebaki kuta mbili zisizo na nguzo katikati. Kila linapouma muwa au punje ya mchanga iliyojificha kwenye maharage, kuta hizo husukumwa nje. Siku ufa unapotokea, ukiishia juu ya ufizi daktari ana la kufanya. Ukishuka ndani ya mzizi hana, na jino lililogharimiwa hung'olewa.

Kinga yake ni kulifunika gego kwa kofia ili vilele vyake vishikwe pamoja. Mwaka 2002 Aquilino na Caplan walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa huko Iowa, Marekani: meno yaliyotibiwa mzizi bila kufunikwa yalipotea kwa kasi mara sita ya yaliyovikwa kofia. Miaka miwili baadaye Salehrabi na Rotstein walipitia rekodi za bima za meno zaidi ya milioni 1.4. Baada ya miaka minane asilimia 97 yalikuwa bado kinywani, na kati ya yaliyong'olewa, asilimia 85 hayakuwa yamefunikwa kikamilifu. Ni kweli kwamba hizo ni rekodi, si majaribio, na huenda madaktari waliyavika kofia meno yaliyokuwa imara tangu mwanzo. Lakini takwimu na vipimo vya maabara vinaelekea upande mmoja. Hii haina maana kwamba kila jino livikwe kofia. Sorensen na Martinoff walionyesha mwaka 1984 kwamba meno ya mbele hayafaidiki na kofia kama magego, na mara nyingi kuyaziba vizuri kunatosha. Wala kijiti kinachowekwa ndani ya mzizi hakiimarishi jino, kazi yake ni kushikilia kizibo tu. Nguvu hutoka kwenye jino halisi lililosalia, hasa milimita mbili hivi za ukuta mzima juu ya ufizi ambazo kofia itazikumbatia.

Pingamizi la kwanza ni bei: kofia ni ghali, kung'oa ni rahisi. Lakini pengo nalo lina gharama, kwani meno ya jirani hulalia upande huo, na lile la upande wa pili hushuka au hupanda kwa kukosa mwenzake wa kutafunia. Tena anayelipia mzizi kisha akashindwa kulipia kofia mara nyingi huishia kulipa mara mbili, kutibu kwanza na kung'oa baadaye. Lualaba ndiyo kitovu cha kobalti ya dunia, na aloi ya kobalti na kromu imetumika kutengenezea kofia za meno kwa miongo mingi, lakini kinachoifanya kofia iwe ghali ni kazi ya fundi na maabara, si chuma. Pale ambapo maabara iko mbali, daktari anaweza kupunguza vilele dhaifu na kuvifunika kwa resini papo hapo kitini. Si sawa na kofia kwa kudumu, lakini ni bora kuliko kuziba tundu na kuziacha kuta wazi.

Pingamizi la pili ni la waajiri: kofia ni urembo. Meno ya mbele yanaweza kuzua mjadala huo, gego haliwezi. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamtwika mwajiri matibabu ya mfanyakazi na familia yake, ya meno yakiwemo, na kulinda jino lisipasuke ni matibabu. Walioishi enzi za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, wanajua hospitali ya kampuni ilivyokuwa na maana kwa familia nzima, na wanajua pia kilichowapata wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioachishwa kazi mwaka 2003. Leo tatizo ni kandarasi. Ripoti ya shirika la RAID la Uingereza na CAJJ, kituo cha msaada wa kisheria cha Kolwezi, iliyotolewa mwaka 2021 kuhusu migodi mitano mikubwa, ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliajiriwa kupitia kampuni za kati. Tiba inayohitaji kurudi mara ya pili ndiyo ya kwanza kukatika mkataba mfupi unapokwisha. Hiyo ni sababu nyingine ya kuidhinisha yote kwa pamoja.

Wako watakaosema malaria na kipindupindu vinatangulia. Ni kweli, na sidai fedha za chanjo zihamishiwe kwenye kofia za meno. Nasema fedha ambazo tayari zinatumika kutibu mizizi zisipotee. Kwa wasio na mwajiri, wakiwemo wachimbaji wa mikono, kanuni ya madini ya 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii, na kiti cha meno chenye vifaa katika hospitali ya umma ni ombi halali mbele ya fungu hilo. Wakati huohuo, kabla gego halijatobolewa, mgonjwa, daktari na mlipaji wakubaliane nani atalifunika, kwa nini, na lini. Wasipopata jibu, kuling'oa siku hiyohiyo ni uaminifu zaidi kuliko kumtoza mtu gharama za jino ambalo hakuna aliyepanga kulihifadhi.