NANE NANE YA THEMI: BADO KUNA CHA KWENDA KUONA AU NI BATA TU?

Kila ikifika mwisho wa Julai, baridi ya Chuga inang'ata, Mlima Meru umejificha mawinguni siku ya tatu hiyo, na status za WhatsApp zinaanza kuuliza swali lile lile: "Nane Nane nani anaenda?" Majibu nayo ni yale yale. Nusu wanasema wapo, nusu wanasema kule hamna kitu, ni vumbi na foleni. Siku hizi hao wa pili wanazidi kuongezeka, na ukiwasikiliza vizuri hawaongei ujinga.

Kuna msanii mmoja wa hapa hapa A-Town, jina kapuni. Mwaka jana alitupia picha akiwa viwanja vya Themi, Njiro, kakumbatia shingo ya dume la ng'ombe, shati la drafti, gambuti mpya hata udongo haujazigusa. Chini kaandika neno moja tu: "Mkulima." Likes kama mvua. Waliokuwepo wanasema alishuka kwenye gari saa kumi jioni ya tarehe nane, akapiga picha dakika kama sita, akaelekea moja kwa moja kwenye nyama, na gambuti zikarudi kwenye boksi. Mashabiki wakamcheka weee. Lakini waliomcheka wengi walikuwa pale pale, siku ile ile, na wenyewe walitoka kwenye maonesho bila kujua hata ng'ombe yule ni wa aina gani. Tofauti yao na msanii ni gambuti tu.

Hapo ndipo hoja ya "hamna kitu" inapopata nguvu. Ukienda kilele, tarehe nane, unachokutana nacho ni spika tatu zinazogombana, mishikaki iliyopanda bei, bembea, watoto wamepotea wanatangazwa kwenye kipaza sauti, na mabanda yanayouza vitu ambavyo vipo Soko Kuu na Kilombero mwaka mzima: sufuria, viatu, vifuniko vya simu, dawa ya kupunguza tumbo. Hiyo dawa ya tumbo ina dada yake maarufu wa Insta, naye jina kapuni, ambaye huwa anakaa bandani na ring light mchana kweupe. Ukimuuliza hii inahusiana vipi na kilimo, anakwambia ni ya mitishamba. Sawa dada.

Halafu kuna msafara wa mheshimiwa. Mabanda yote yanafagiliwa, wataalamu wanasimama kama wanafunzi paredi, mheshimiwa anapita, anashika hindi moja, anauliza "hili linakomaa siku ngapi?", kabla hajajibiwa msafara umeshasogea. Mkulima aliyetoka Mbulu na swali lake la kweli anaambiwa asubiri, wageni wanapita.

Na watu wanasema Themi imepungua hadhi. Kilele cha kitaifa kimekuwa kinazunguka kwingine: Nyakabindi kule Simiyu kuanzia 2018 hadi 2020, Mbeya 2022 na 2023, Dodoma 2024. Themi imebaki na yale ya kanda ya kaskazini, yaani Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Kwa mtu anayefuata mastaa na ving'ora, hiyo ni hasara. Kwa mtu mwenye swali, hiyo ni nafuu, maana foleni ya kumfikia mtaalamu ni fupi.

Machalii wengi hawajui hata sikukuu yenyewe ilitoka wapi. Zamani siku ya wakulima ilikuwa Saba Saba, tarehe 7 Julai, siku ambayo TANU ilizaliwa mwaka 1954. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi ikiingia vyama vingi, wakulima wakahamishiwa Agosti 8, na Saba Saba ikabaki na biashara yake kule Dar. Agosti huku kwetu ni kiangazi. Ndio maana ukiona mahindi mabichi na kabichi zimenona pale Themi wakati shamba la mjomba limekauka, ujue ile si bahati. Vile vinaitwa vipando. Vilioteshwa miezi kabla na kumwagiliwa, vimepangwa mstari kwa mstari, aina hii pembeni ya aina ile, udongo mmoja, maji yale yale, ili mtu aone tofauti kwa macho. Hicho ndicho kitu pekee pale ambacho hakipo dukani. Na ndicho kitu ambacho siku ya kilele watu wanakikanyaga wakitafuta choo.

Sasa kuna chalii mmoja wa Terrat. Ni dereva boda, kijiwe chake kipo njia ya Kwa Mrombo, na yeye jina kapuni ingawa hana umaarufu wowote. Amekwenda Nane Nane miaka minne mfululizo, yote tarehe nane, na alichokuwa anajua ni wapi nyama inachomwa vizuri na jukwaa la muziki liko upande gani. Mwaka jana akaenda Jumanne, na si kwa akili zake. Alikuwa na abiria, mama mmoja mtu mzima mwenye mabegi mawili na boksi la miche, aliyemwambia amsubiri amrudishe. Baridi ilikuwa kali. Chalii akaona bora atembee kuliko kukaa juu ya pikipiki aganda.

Kwao Terrat kuna kipande kimebaki, kama robo tatu ya ekari. Babu yake alikuwa na kubwa zaidi, ikakatwa viwanja, mmoja baada ya mwingine, kadiri mji ulivyokuwa unawafuata. Hiyo robo tatu ilikuwa na nyanya, na nyanya zilikuwa zimekufa. Kwenye simu yake alikuwa na picha ya majani, maana alishaituma kwenye magrupu matatu ya WhatsApp akajibiwa dawa nne tofauti, na zote muuzaji ni yule aliyejibu.

Akafika kwenye banda, kuna mama mmoja amekaa peke yake anakunywa chai ya thermos. Hakuna mtu. Jumanne saa nne asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, pita."

Akatoa simu. Yule mama akavaa miwani, akakuza picha kwa vidole viwili, akacheka kidogo. "Kanitangaze huyu. Umepiga dawa mara ngapi?"

"Kama mara sita, mama."

"Hiyo hiyo moja?"

"Hiyo hiyo."

"Basi umemlisha."

Kwa wasiomjua, kanitangaze ni yule mdudu wa nyanya, na alianza kuonekana Tanzania hapa hapa mkoani, kijiji cha Ngabobo kule Arumeru, mwaka 2014. Baada ya hapo akaenda nchi nzima. Jina lenyewe limekaa kama la msanii chipukizi, na kusema kweli amejitangaza kuliko wasanii wote wa Chuga kwa pamoja. Yule mama akamweleza chalii taratibu: funza anaingia katikati ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, anakula humo ndani, dawa inapita juu kama mvua juu ya bati. Ukipiga dawa ile ile kila wiki, wanaobaki ni wale wasioisikia, na ndio wanaozaana. Akamwonyesha mtego wa harufu ya jike unaovuta madume. Akamwambia majani yaliyoshambuliwa yachumwe yafukiwe, yasitupwe pembeni ya shamba. Na kubwa zaidi, akamuuliza anapanga kupanda nini baada ya hapo.

"Mnavu, mama. Unauzika."

"Mnavu na nyanya ni ndugu. Nyanya chungu ndugu. Viazi mviringo ndugu. Unamtoa mgeni sebuleni unamhamishia chumbani."

Akamwambia apande mchicha au loshuu, apumzishe ardhi. Akaandika kwenye karatasi jina la ofisi anayoweza kwenda Tengeru, kama kilomita 13 kutoka mjini ukifuata barabara ya Moshi, na siku za kwenda. Maongezi yote kama dakika arobaini. Hakuuziwa kitu. Abiria wake alimkuta bado anauliza.

Watu wa "YouTube ipo" wataruka hapa. Na wana haki yao. Kweli simu inafundisha, tena kuna vijana wanarekodi video nzuri kuliko vipeperushi vyote vya serikali. Lakini simu haiulizi umepiga mara ngapi. Na simu ndiyo iliyowaletea watu homa ya mayai ya kware miaka ile, kila mtu akawa na banda la kware, kila mtu anauza vifaranga kwa mwenzake, mpaka siku wote wakawa wauzaji na hakuna mnunuzi. Muuzaji wa mtandaoni akishakula hela yako anabadilisha laini. Mtaalamu wa Tengeru au Selian ana ofisi, ana meza, ana bosi, unaweza kwenda kumsumbua Alhamisi ijayo.

Na hawa jamaa si wa mchezo. Nyanya ya Tengeru 97, ambayo mbegu yake ipo karibu kila duka la pembejeo nchini, ilitoka hapo Tengeru. Maharage ya Selian 97 nayo kwao ni hapa hapa Arusha. Kuna machalii kibao wamezaliwa '97 na hawajawahi kufanya kitu chenye jina kubwa kama hilo haragwe. Utani tu, msikasirike. Ila inashangaza kwamba watu wanaotengeneza vitu hivyo wanakaa bandani siku saba wakipiga miayo, halafu siku ya nane wanakuja watu elfu na kitu, wote wanauliza choo kiko wapi.

Kwa hiyo wanaosema maonesho yamekufa wanakosea siku. Kinachokaribia kufa ni tarehe nane. Siku ambayo kila mtu anaenda ndiyo siku yenye faida ndogo kuliko zote. Mtu anayetaka bata aende kilele, hakuna anayemkataza, nyama ya pale si mbaya na kukutana na washkaji mliopotezana tangu sekondari nako ni kitu. Lakini anayetaka kitu cha kurudi nacho nyumbani aende Jumatatu au Jumanne, asubuhi, na swali moja mfukoni. Picha ya jani, udongo kwenye mfuko wa rambo, chochote. Bila swali hata Jumanne ni matembezi tu.

Waandaaji nao hawawezi kuachwa. Hivi kwa nini vipando vinaoteshwa kwa gharama yote ile halafu vikae wazi wiki moja? Uwanja upo. Wataalamu wapo Tengeru na Ngaramtoni mwaka mzima. Kufungua geti hata Jumamosi moja ya mwezi, bila spika, bila msafara, haihitaji mgeni rasmi. Na banda la dawa ya tumbo lisogezwe huko kwenye bembea, lisiwe geti la kuingilia. Mtoto wa Terrat au Muriet akiingia kwa mara ya kwanza, kitu cha kwanza kumpokea kisiwe dada mwenye ring light.

Maana ukweli ni kwamba kwa mtu wa Sakina au Kaloleni, Nane Nane ni sehemu ya kutoka. Kwa Terrat ni jambo lingine. Huko bado kuna familia zina vipande, na kila kipande kina dalali wake anayejua namba ya simu ya kila mtoto wa ile familia. Kipande ambacho nyanya zimekufa mara mbili hakina mtetezi. Kaka mkubwa akisema "tuuze, hamna kitu tunapata hapa," nani atambishia, na kwa hoja gani?

Chalii hajawa tajiri, kabla mtu hajauliza. Bado yupo kijiweni na pikipiki yake. Maji Terrat ni ya kubahatisha, wiki nyingine anabeba kwa madumu. Mchicha ulitoka vizuri, loshuu nusu ilikauka. Anauza asubuhi kwa akina mama wa sokoni kabla hajaanza kubeba abiria, na hela inatosha wese na mboga ya nyumbani, siku nzuri inabaki kidogo. Nyanya amerudisha msimu huu, mistari minne tu, na mitego imening'inia.

Kaka yake bado anataka kuuza. Dalali alipita tena wiki iliyopita akiwa na mteja wa mjini, wakasimama katikati ya mchicha wakipima kwa hatua. Chalii alikuwa barabarani. Aliyewapokea ni mama yao, akawapa viti, akawapa chai, wakasalimiana habari zote mpaka za ng'ombe. Walipofika kwenye bei akawaambia warudi baada ya Nane Nane, kijana ana watu anataka kwenda kuwauliza kwanza.