Kura 14, Nyumba Isiyokaliwa na Mtu



Tuanze na swali, na ulijibu moyoni kabla hujasoma mbele. Wagombea wawili wameshinda viti vya bunge. Wa kwanza amemwacha mpinzani wake kwa karibu asilimia 30. Wa pili ameshinda kwa kura 14, tena kuna karatasi 20 za kura zilizopotea. Yupi kati yao amekalia kiti kwa haki?

Wengi wenu mtasema wa kwanza. Hata sisi tungesema hivyo. Lakini mambo yalipofika mahakamani, wa kwanza alipoteza kiti na wa pili akabaki nacho.

Haya hayakutokea hapa kwetu. Yalitokea Minnesota, jimbo la Marekani ambako baridi hugandisha maziwa mpaka magari yakapita juu ya barafu. Kama una shangazi au binamu aliyeondoka Dadaab miaka ya nyuma akapelekwa Marekani, kuna uwezekano mkubwa yuko huko huko, maana Minnesota ndiko waliko Wasomali wengi kuliko jimbo lolote la nchi ile. Wanapiga kura huko, wanagombea na wanashinda. Kwa hivyo habari hii si ya mbali kama inavyoonekana.

Uchaguzi ulikuwa tarehe 5 Novemba 2024. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, na Baraza la Wawakilishi la Minnesota lina viti 134. Kura zilipohesabiwa, Republicans walipata 67 na Democrats, ambao huko huitwa DFL, wakapata 67. Sare kamili. Sasa hebu fikiria: kiti kimoja tu kikiyumba, bunge zima linayumba. Na vikayumba viwili.

Cha kwanza ni kile cha asilimia 30. Wilaya ya 40B iko kaskazini mwa St. Paul, maeneo ya Roseville na Shoreview. Curtis Johnson wa DFL alishinda bila jasho. Wala hakuwa mgeni, aliwahi kukaa kwenye bodi ya shule za Roseville na watu walimjua. Tatizo lilikuwa moja tu: katiba ya jimbo inasema mgombea awe ameishi ndani ya wilaya yake miezi sita kabla ya uchaguzi. Johnson alikuwa na nyumba yake Little Canada, mji wa jirani, nje ya mpaka. Ndani ya wilaya alikodi fleti. Akajaza fomu kwa anwani ya ile fleti.

Wafuasi wa mpinzani wake, Paul Wikstrom, wakaanza kushuku. Wakawa wanapita pale kwenye fleti, wanaangalia kama mtu anaingia, kama mtu analala. (Tukubaliane, kumchungulia mtu namna hii si jambo la kupendeza, na sisi hatungependa tufanyiwe.) Walichokiona wakakipeleka kortini. Tarehe 20 Desemba 2024 Jaji Leonardo Castro akaamua kwamba Johnson hakuwa mkazi wa wilaya kwa muda unaotakiwa, kwa hivyo hakustahili kushika kiti. Johnson hakukata rufaa. Siku saba baadaye alijiuzulu, kabla hata ya kuapishwa.

Najua kuna anayesema hapo: "Sasa shida iko wapi? Ni kilomita chache tu. Wananchi wamemchagua, waacheni." Maneno haya tunayasikia sana hata kwetu. Mtu akiulizwa kuhusu vyeti vyake vya shule, kuhusu pesa za mfuko wa eneo bunge, kuhusu kesi yake ya zamani, jibu ni moja: wananchi ndio watakaoamua. Kura imekuwa kama sabuni, kila doa linaoshwa nayo.

Lakini waliompigia Johnson walipewa habari isiyo ya kweli kwenye fomu. Walimchagua mkazi mwenzao, na kumbe mkazi mwenzao anaamka mji mwingine. Ukinunua mbuzi ukiambiwa ni mzima, kisha ukafika nyumbani ukamkuta ni mgonjwa, muuzaji hawezi kukwambia ati ulimnunua kwa hiari yako. Wingi wa kura hauponyi uongo uliotangulia kura zenyewe. Halafu angalia udogo wa jambo. Angehamia kweli ile fleti mwezi wa Aprili, akapeleka godoro na sufuria zake, asingeguswa na mtu, maana wilaya ile ilikuwa ya chama chake tangu mwanzo. Uongo haukumwongezea kura hata moja. Ulimpotezea kila kitu, na gharama ikabebwa na watu wake, ambao bunge lilipofunguliwa hawakuwa na mwakilishi mpaka uchaguzi mdogo wa tarehe 11 Machi 2025.

Sasa twende Shakopee, wilaya ya 54A, kusini magharibi ya Minneapolis. Huku Brad Tabke wa DFL, aliyewahi kuwa meya wa mji, alipambana na Aaron Paul wa Republican. Kura zikahesabiwa, zikahesabiwa upya, Tabke akabaki mbele kwa 14. Kisha maafisa wakagundua kwamba idadi ya waliopiga kura haiwiani na idadi ya karatasi. Watu 20 wa kituo kimoja walipiga kura zao za mapema, majina yao yamo kwenye daftari, lakini karatasi zao hazikuhesabiwa. Uchunguzi ukafikia kwamba huenda hazikuwahi kutolewa kwenye bahasha za siri, na bahasha zikatupwa na takataka. Hazikupatikana tena.

Kura 14 na karatasi 20. Unaona uzito wake? Hapa kwetu redio zingekesha.

Paul alienda kortini kutaka uchaguzi urudiwe, na alikuwa na haki ya kuuliza. Nani asingeuliza? Lakini fanya hesabu kidogo. Ili Paul afikie sare, ilibidi apate 17 kati ya zile 20. Ili ashinde, 18. Maana yake, kama watu wanne tu kati ya wale ishirini walimpigia Tabke, matokeo hayabadiliki hata ukizifufua karatasi zote.

Basi swali likawa: wako wapi hao wanne?

Kura ni siri. Hakuna jaji anayeweza kukulazimisha useme ulimpigia nani. Lakini wewe mwenyewe ukitaka kusema, huzuiwi. Wakajitokeza. Watu wa kawaida, si wanasiasa, wakasimama mahakamani Desemba ile, wakaapa, wakasema mbele ya umma waliyemchagua. Jaji Tracy Perzel akawasikiliza, akawaamini, na idadi yao ikatosha kuvuka ule mstari wa hesabu. Tarehe 14 Januari 2025 akaamua kwamba Tabke ndiye mshindi halali.

Tusimame hapa kidogo, maana kwetu sisi hiki ndicho kiini cha habari yote. Uzembe ule ulikuwa wa ofisi. Makarani ndio waliotupa. Ila aliyeirekebisha hali ni raia aliyekubali kutoa siri yake, ambayo sheria ilimruhusu kuificha maisha yake yote, tena katika mji mdogo ambako jirani yako akishajua ulimpigia nani atakuangalia vingine dukani. Na ushahidi huu ulikuwa na thamani kwa sababu tu ulikuwa wa kweli. Mtu mmoja angekodiwa kudanganya, kesi nzima ingenuka.

Je, wewe ungesimama? Au ungesema mimi simo, nina kazi yangu, nina biashara yangu?

Baada ya hapo wanasiasa wakafanya wanayoyajua. Kwa kiti cha Johnson kuwa wazi, Republicans walikuwa 67 dhidi ya 66, na baadhi yao wakaashiria kwamba huenda wakakataa kumpokea Tabke hata baada ya uamuzi wa jaji. DFL nao wakasusia vikao ili akidi isitimie. Siku ya ufunguzi ile ile ya Januari 14, Republicans wakajichagulia spika peke yao ukumbini. Tarehe 24 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema akidi ni 68, kwa hivyo yale yote yalikuwa bure. Gavana Tim Walz naye alikuwa ameharakisha uchaguzi mdogo ufanyike Januari, mahakama hiyo hiyo ikamrudisha nyuma: umeita mapema mno. Mwanzoni mwa Februari wakasikilizana. Lisa Demuth wa Republican akawa spika, Tabke akabaki na kiti chake, na Machi David Gottfried wa DFL akachukua kile cha Johnson. Sare ikarudi pale pale ilipoanzia.

DFL walilia sana kwamba wapinzani wao wanataka kumtoa mtu kwa nguvu ya kura moja bungeni. Kilio kilikuwa cha haki. Ila wazee wa Minnesota wanakumbuka mwaka 1979, bunge likiwa sare 67 kwa 67 vile vile. Wakati huo Republican mmoja, Robert Pavlak, alikuwa amesambaza kwenye kampeni tahariri ya gazeti iliyokosea vibaya kuhusu kazi ya mpinzani wake bungeni. Gazeti ndilo lililokosea, yeye akalieneza kosa. DFL wakamtoa kwa kura 67 dhidi ya 66, kwa kuwa mwenyewe hakuruhusiwa kujipigia, na kiti chake kikawaendea wao. Mkuki kwa nguruwe!

(Na nyinyi mnaosambaza kila picha ya gazeti inayoingia kwenye simu msimu wa kampeni, hilo la Pavlak lisomeni mara mbili.)

Kwa nini tunahangaika na viti viwili vya kijimbo cha barafu? Kwa sababu ya kilichofuata. Tarehe 9 Juni 2025, ili bajeti ipite, bunge lile lilipigia kura mswada wa kuwaondoa wahamiaji watu wazima wasio na vibali kwenye bima ya afya ya jimbo. Kupitisha kunahitaji 68. Republicans walikuwa 67. Ya 68 ilitoka kwa Melissa Hortman, kiongozi wa DFL mwenyewe, peke yake katika chama chake. Aliona ndiyo bei ya makubaliano ili serikali ya jimbo isifungwe, na akawaambia waandishi habari huku machozi yanamtoka. Kura zikawa 68 kwa 65. Siku tano baadaye aliuawa kwa risasi nyumbani kwake, yeye na mumewe.

Bunge lingekuwa na tofauti ya viti viwili au vitatu, upande wowote, mama yule asingewekwa kwenye njia panda ile. Wenye kupoteza bima ni watu wanaofua, wanaopika na wanaojenga, na hawana kura.

Limebaki moja, na hili ni letu. Mwaka 2016 Ilhan Omar, aliyelelewa miaka kadhaa katika kambi ya wakimbizi ya Utango hapa karibu na Mombasa, alichaguliwa kuingia bunge hili hili la Minnesota. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Sasa ni mbunge wa taifa, na matusi anayorushiwa kwa dini yake na asili yake yanatuuma. Lakini mwaka 2019 bodi ya jimbo inayosimamia fedha za kampeni ilikuta kwamba baadhi ya pesa za kampeni zake zilitumika kwa mambo yasiyoruhusiwa, ikamwamuru arejeshe karibu dola 3,500 na kulipa faini ya dola 500. Pesa ndogo. Wakati ule wengi wetu mitandaoni tulijibu kwa pamoja: wanamwonea. Wachache waliuliza kama ni kweli.

Kumtetea mtu dhidi ya ubaguzi ni jambo moja. Kumtetea dhidi ya risiti ni jambo jingine kabisa, na kijana anayechanganya haya mawili atajikuta siku moja anamtetea mwizi kwa sababu wamesali safu moja.

Sasa turudi hapa. Agosti 2027 si mbali. Sheria yetu inampa mtu siku 28 tangu matokeo yatangazwe kuwasilisha kesi ya kupinga uchaguzi, na siku hizo hupita kama upepo. Anayepanga kumhoji mgombea kuhusu alikoishi, alikosoma na alikopata pesa aanze sasa hivi, kabla jina halijafika kwenye karatasi ya kura, na amhoji wa kwetu kwanza. Na wewe utakayekuwa wakala kituoni: idadi ya waliokuja na idadi ya karatasi zilizotoka sandukuni zihesabu mwenyewe, ziandike, usiondoke hata kama chai imeletwa nje. Ishirini ndogo tu zikipungua, uliza pale pale, kabla lori la taka halijapita.